Dakika 55: Uchambuzi wa Kisa cha Mpira wa Maji Uliopasuka Usiku

Mpira uliopasuka ulikuwa na urefu wa sentimita 40, na unene wake haukuzidi kidole gumba. Kazi yake ilikuwa kupeleka maji baridi kutoka kwenye koki ndogo ya ukutani hadi kwenye bomba la sinki la kunawia, katika bafu la ghorofa ya juu ya nyumba inayokaliwa na familia mbili. Usiku mmoja, kwa muda wa dakika 55, mpira huo ulimwaga maji yaliyovuka kizingiti cha bafu, yakaenea ukumbini, kisha yakapenya sakafuni na kukusanyika juu ya dari ya wazee wanaoishi chini. Mimi niliitwa asubuhi yake, nikiwa fundi wa pili kufika. Wenyeji walinisimulia kila hatua bila kuficha makosa yao, wakakubali niyaandike mradi nisiwataje. Nimeona ni haki kukieleza kisa hiki kwa ukamilifu, kwa sababu karibu kila kosa lililofanyika ndani yake nimelikuta pia katika nyumba nyingine, lakini ni mara chache nimeweza kufuatilia mfululizo mzima dakika kwa dakika.

Mwenendo wa usiku ule

Baba mwenye nyumba aliamka saa 8:00 usiku kunywa maji na hakusikia lolote. Saa 8:10 mama aliamshwa na sauti aliyodhani ni ya mvua. Walipofungua mlango wa bafu walikuta maji yakiruka kutoka chini ya sinki na kugonga ukuta wa pili. Baba alipiga magoti, akaipapasa koki ndogo ya ukutani, akajaribu kuifunga kwa mkono. Haikusogea, kwa kuwa tangu ifungwe ukutani hapo hakuna aliyewahi kuigusa. Alichukua koleo akaikaza kwa nguvu zake zote, na kishikio chake kikavunjika mkononi mwake. Tangu hapo njia ya karibu zaidi ya kuyazuia maji ilikuwa imepotea.

Mama alishika simu. Alipiga namba tatu za mafundi, mbili hazikupokelewa, na ya tatu ikapokelewa na mtu aliyesema tu kwamba anakuja, bila kuuliza swali hata moja na bila kuulizwa. Wakati huohuo kijana wao mkubwa alitoka nje na kuifunga koki iliyo kando ya mita. Ilikuwa saa 8:25. Aliporudi ndani alikuta maji yanaendelea kumwagika kama awali, akarudi nje akaikaza tena, na hatimaye familia nzima ikaamini kwamba koki ya mita ni mbovu. Waliacha kutafuta chanzo, wakaanza kuchota maji kwa mabeseni na kuyasukuma kwa ufagio kuelekea kwenye tundu la bafu.

Saa 8:40 mzee wa chini alibisha hodi. Alikuwa ameona maji yakidondoka kupitia taa ya sebuleni, akazima swichi kuu ya upande wake, akahamisha viti, akapanda juu. Alipoambiwa kwamba koki imefungwa na maji hayakomi, aliuliza swali lililobadilisha usiku wote: "Mwanangu, umefunga la barabarani. La juu je?" Alikuwa akimaanisha tangi.

Kijana alipanda ngazi hadi juu ya paa, akimulikiwa na baba yake. Koki ya tangi nayo ilikuwa ngumu, lakini safari hii hawakuilazimisha. Walifanya alivyowaelekeza mzee, wakaizungusha kidogo mbele na kidogo nyuma mpaka ikalegea, na saa 9:05 ikafunga. Mlio wa maji ulikoma. Fundi aliyeitwa aliwasili saa 9:40.

Koki iliyofungwa na koki iliyosahauliwa

Nitakaa zaidi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo lililogharimu dakika nyingi kuliko mengine yote. Katika nyumba yenye tangi la juu kuna njia mbili za maji zinazohusiana lakini zisizofungwa na koki moja. Njia ya kwanza hutoka kwenye mita na kupanda hadi tangini, ambako boya huacha maji yaingie kadiri tangi linavyopungua na kuyazuia linapojaa. Njia ya pili hushuka kutoka tangini kwa uzito wa maji yenyewe na kulisha bafu, jiko na hita. Koki ya mita inatawala njia ya kwanza pekee. Ukiifunga, tangi haliongezewi maji, lakini yote yaliyomo tayari yataendelea kushuka hadi tone la mwisho.

Tangi la nyumba hii hubeba lita 1,000. Kwa kuwa boya lilikuwa likiongeza maji mpaka saa 8:25, wakati koki ya mita inafungwa tangi lilikuwa bado linakaribia kujaa. Asubuhi, baada ya kuweka koki mpya mahali pa ile iliyovunjika, niliiachia ijaze ndoo ya lita 20 nikiwa na saa mkononi. Ndoo ilijaa kwa sekunde 100, yaani lita 12 kwa dakika. Kwa kasi hiyo dakika 55 ni takriban lita 660, na kila lita ya maji ina uzito wa kilo 1. Sehemu ya maji hayo iliishia kwenye tundu la bafu, lakini hata theluthi yake tu ikiwa imekwama juu ya dari ya jipsamu ni mzigo ambao dari hiyo haikutengenezwa kuubeba.

Sipendi kijana alaumiwe. Alichofanya saa 8:25 kilikuwa sahihi na cha lazima, kwani bila hicho tangi lingeendelea kujazwa na maji yasingekoma kamwe. Kosa lilikuwa katika tafsiri. Familia ilipoona maji hayakomi ilihitimisha kwamba koki imeharibika, badala ya kujiuliza maji haya yanatoka wapi sasa. Ipo njia ya kuvitofautisha hivyo viwili kwa chini ya dakika moja: kwenda kuangalia mita yenyewe. Kigurudumu chake kidogo kikiwa kimesimama, koki ya mita inafanya kazi na maji yanayomwagika yanatoka mahali pengine ndani ya mfumo. Kikiwa bado kinazunguka, hapo ndipo shaka juu ya koki ina msingi.

Kulikuwa pia na jambo ambalo lingeweza kufanyika bila kupanda paa, nalo halikumjia mtu yeyote akilini, hata mzee. Mabomba yote ya nyumba hii yanakunywa kutoka kwenye bomba moja linaloshuka kutoka tangini. Kama wangefungulia kwa pamoja bomba la jikoni, la kuogea na yote mengine, maji mengi yangepita humo na kuingia kwenye mifereji ya maji machafu, na yale yanayotoka kwenye mpasuko yangepungua mara moja. Tangi lingeisha mapema, na maji yake yangekuwa yamepita mahali palipotengenezwa kuyapokea. Vilevile mpira uliopasuka bado ulikuwa umeshikilia upande mmoja, na bafu lilikuwa na tundu sakafuni. Kuufunika kwa taulo nzito na kuuelekeza kwenye tundu kungezuia maji yasiruke mpaka ukumbini. Hatua hizi haziponyi chochote, lakini hununua muda, na muda ndio uliokuwa bidhaa adimu usiku ule.

Kuhusu koki mbili ngumu, ile ya ukutani na ile ya tangi, tofauti ya matokeo inafundisha zaidi ya maelezo. Koki ya gurudumu, ambayo mafundi wengi huiita geti valvu, hushusha kisahani cha chuma kwa mzunguko wa skrubu. Ikikaa miaka bila kuguswa, chumvi za maji na kutu huishika, na anayeizungusha kwa koleo huweza kukata mhimili au kukitenganisha kisahani na skrubu, kiasi kwamba gurudumu linazunguka lakini ndani hakuna kinachosogea. Koki ya ukutani ilikatika kishikio kwa sababu hiyohiyo ya kulazimishwa. Ile ya tangi ilisalimika kwa kuwa ilibembelezwa.

Umeme

Sehemu hii ni fupi katika simulizi lakini ndiyo iliyonitia hofu nilipoisikia. Ukumbini, sakafuni kabisa, kulikuwa na ekstensheni iliyokuwa ikichaji simu mbili. Maji yalipovuka kizingiti yaliifikia. Mama alikuwa akitembea pekupeku katika maji hayo huku simu ikiwa sikioni, na mdogo wa watoto alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Kwa bahati, ncha ya ekstensheni yenye matundu ilikuwa imeegemea mguu wa kabati na haikuzama. Maji ya bomba yana chumvi zilizoyeyuka na hupitisha umeme, na hakuna kina kidogo mno cha kutosababisha hatari.

Mzee wa chini alizima swichi kuu kabla hajafanya lolote jingine, na katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyeanza na jambo la kwanza. Swichi yake ilikuwa mahali pakavu na alisimama pakavu. Ningemwambia mtu yeyote ambaye swichi yake kuu imezungukwa na maji asiikaribie, atoe watu nje na kuwapigia wahusika wa umeme wakate kutoka nje. Upande wa juu umeme haukuzimwa mpaka saa 8:45, baada ya mzee kuuliza.

Hita ya maji nayo ilikuwa imewashwa usiku ule. Tangi linapofungwa na bomba la baridi likawa wazi mahali pa chini, hita isiyo na kifaa cha kuzuia maji kurudi nyuma inaweza kumwagika kupitia njia ileile iliyojazia, na elementi yake, yaani kile kinachopasha maji ndani, ikabaki ikichemsha hewa mpaka iungue. Katika kisa hiki haikutokea kwa sababu swichi kuu ilikuwa imeshazimwa dakika 20 kabla tangi halijafungwa. Walijikinga bila kujua.

Dari ya chini

Mzee aliporudi kwake alikuta dari ya sebule imevimba kama tumbo la gunia. Alijua umeme umezimwa pande zote mbili. Aliweka beseni, akasimama pembeni badala ya chini ya uvimbe, akatoboa tundu dogo kwa bisibisi refu kwenye ukingo wake. Yalitoka maji ya ndoo 3 za lita 20, yaani kilo 60 zilizokuwa zikining'inia juu ya kiti anachokalia kila jioni. Watu wengi huogopa kutoboa kwa kuwa wanaona wanaongeza uharibifu, lakini dari iliyolowa namna ile kwa kawaida haiokoleki tena katika sehemu iliyovimba, na kinachobaki kuamuliwa ni kama itashuka kwa tundu moja au itaanguka nzima. Katika sebule hii ilibidi kubadilishwa bao moja tu la jipsamu.

Simu na fundi wa kwanza

Mama alipiga simu saa 8:15, wakati maji yakiruka, kishikio kimevunjika na watoto wameamka. Katika hali hiyo hakuna anayeweza kuuliza bei, na anayepokea simu anaisikia hofu hiyo. Simu ileile kama ingepigwa baada ya tangi kufungwa ingekuwa mazungumzo ya aina nyingine kabisa, pengine hata ingesubiri asubuhi. Hapa ndipo ulipo msimamo wangu juu ya kisa hiki: kinachomaliza dharura ya maji ni koki, na fundi huja kutengeneza kilichobaki. Nyumba yenye watu wawili wazima inaweza kugawana kazi, mmoja koki na mwingine simu, na familia hii iligawana hivyo kwa silika. Ila aliyeshika simu hakuwa na cha kueleza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameshajua maji yanatoka wapi.

Fundi anayeitwa usiku anahitaji kujua mambo machache ili aje na vifaa vinavyofaa: kama ni maji safi au machafu, kama yanatoka kwenye kiungo, mpira au ndani ya ukuta, kama yamezuiliwa au bado yanamwagika, mabomba ni ya chuma au ya plastiki, na kama nyumba inategemea tangi. Fundi mzuri huyauliza mwenyewe, tena kabla hajatoka kwake humwelekeza mteja namna ya kufunga. Mimi huwa nabaki kwenye simu mpaka nisikie maji yamekoma. Swali moja tu la "mna tangi?" saa 8:15 lingeokoa takriban dakika 25. Mpigaji naye ana haki ya kuuliza atafika saa ngapi, kufika kwake kunatozwa kiasi gani, saa za usiku zinahesabiwaje, na kama malipo hayo yanaingia katika gharama ya kazi au yako pembeni. Majibu hayo yakitumwa pia kwa ujumbe wa maandishi, ubishi wa baadaye hupungua sana.

Fundi wa kwanza alipofika aliziba mdomo wa koki iliyovunjika kwa kizibo cha skrubu, na kwa hilo alifanya kazi safi. Nilikikuta kizibo hicho asubuhi na hakikuwa kikivuja. Lakini aliangalia ukuta uliolowa, akasema bomba la ndani nalo limepasuka, kwamba vigae vya ukuta mzima vivunjwe siku hiyohiyo, na akadai malipo ya awali ya kazi hiyo juu ya ada ya usiku ambayo haikuwa imetajwa. Walilipa. Walikuwa wamechoka, wamelowa na wanamshukuru kwa kuja, na mtu katika hali hiyo huona aibu kukataa.

Siwezi kusema alikusudia kudanganya, maana ukuta ulikuwa umelowa kweli, kwa kuwa mpira ulikuwa ukiumwagia maji kwa karibu saa nzima. Ninachosema ni kwamba hakupima. Hukumu ya kuvunja ukuta haitolewi kwa macho usiku. Nilipofika niliunganisha pampu ya mkono yenye geji kwenye bomba la bafu, nikafunga njia nyingine zote, nikapandisha presha hadi baa 3 (baa ni kipimo cha presha). Tangi hili limeinuka mita 4 tu juu ya sinki, na kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1, hivyo bomba lilikuwa likijaribiwa kwa presha iliyozidi ile ya kila siku zaidi ya mara saba. Kwa nusu saa sindano haikushuka. Ukuta haukuwa na tatizo lolote.

Mpira wenyewe

Nilipoukata mpira kwa urefu nilikuta bomba la ndani la raba limetoboka karibu na pete inayoushikilia kwenye nati, mahali ambapo nyuzi za chuma zinazoufuma kwa nje zilikuwa zimeliwa na kutu na kukatika. Nyuzi hizo ndizo zinazozuia raba isitanuke. Zikikatika, raba huvimba kama puto na kupasuka. Zimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, lakini kloridi hukishinda chuma hicho, na katika kabati la chini ya sinki kulikuwa na chupa tatu za dawa ya usafi yenye klorini, mojawapo ikiwa na kifuniko kilicholegea. Upande wa mpira ulioelekea chupa ulikuwa wa kahawia wote. Upande wa pili ulikuwa bado unang'aa. Sijawahi kuona ushahidi wa wazi kuliko huo. Mpira wa maji ya moto, uliokuwa nyuma zaidi, ulikuwa umeanza madoa hayohayo, nao nikautoa.

Mpira wa namna hii si kifaa cha kudumu kama bomba la ukutani. Hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa hata kama hauvuji, na huangaliwa mara kwa mara kwa madoa ya kutu, nyuzi zilizokatika, uvimbe au unyevu kwenye nati. Huu ulikuwa umekaa tangu nyumba ijengwe.

Baada ya maji

Jipsamu, mbao na mazulia yanayobaki na unyevu huanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48, hivyo siku iliyofuata ilikuwa na haraka yake pia. Kabla ya kuanza kazi niliwaomba wapige picha za kila mahali palipolowa, na mpira uliokatwa nikawaachia katika mfuko, kwa kuwa mazungumzo ya nani anagharamia dari yalikuwa mbele yao. Zulia la ukumbini lilitolewa nje, madirisha yakafunguliwa, feni mbili zikaelekezwa sakafuni, na nyuma ya kabati la bafu, mahali ambapo hakuna anayepaangalia, tukakuta dimbwi ambalo lingekaa hapo wiki nzima. Taa ya sebule ya chini haikuwashwa mpaka fundi umeme alipoifungua, akaikausha na kuipima.

Fundi wa kwanza alipigiwa simu na baba, akaelezwa matokeo ya kipimo, na baada ya mabishano akarudisha nusu ya malipo ya awali. Ada ya usiku aliibakiza, na kwa maoni yangu aliistahili, kwani aliondoka kitandani na kuziba koki.

Katika bafu niliweka mipira miwili mipya na koki za mkono mrefu zinazofunga kwa robo ya mzunguko, ambazo hata mtoto huona kwa jicho kama ziko wazi au zimefungwa. Chupa za dawa zilihamia rafu ya nje. Kazi iliyonichukua muda zaidi ilikuwa nyingine: kuweka koki ya pili kwenye bomba linaloshuka kutoka tangini, ukutani mwa veranda ya nyuma, usawa wa kifua, ili asihitajike mtu kupanda ngazi iliyolowa usiku. Niliifunga kibandiko chenye neno "TANGI", na ile ya nje nikaifunga kingine chenye neno "MITA". Kisha nilimwomba mama azime taa, aanzie chumbani, akafunge zote mbili na swichi kuu. Alitumia dakika 2 na sekunde 10, na mdogo wa watoto akaomba naye ajaribu.